Mkono wa Mama, Laki Sita za Oksijeni na Posti Niliyoifuta

Najua mkifungua hapa mmezoea kukutana na nani kaachana na nani, nani kanunua gari la mkopo anasema la zawadi, na nani ana mimba anaificha kwa magauni mapana. Leo sina umbea wa mtu. Leo mwenye kashfa ni mimi mwenyewe.

Wale wa siku nyingi mtakumbuka mwaka jana niliposti picha ya mama mmoja amekaa kwenye kiti cha kulala, ana mpira wa oksijeni puani, uso nimeuziba na kikatuni cha moyo. Nikaandika kwamba ni mama wa mdau wetu, anapata tiba ya kisasa ya oksijeni na mkono unapungua. Mkamwaga laiki. Inboksi ikajaa, kila mtu anauliza bei na namba ya simu.

Yule ni mama yangu mzazi. Na mkono ulikuwa haujapungua hata kidogo.

Posti niliifuta kitambo. Ila kiukweli ukifuta kitu hujakirekebisha, maana walioamini hawajui kwamba umefuta. Ndo maana leo nimekaa chini kuandika. Ni ndefu, naomba msinichoke.

Nyumbani ni Kagongwa. Kwa wasiopajua, ukitoka Isaka unaelekea Kahama, pale unapoona malori ya kwenda Rwanda na Burundi yamepanga foleni ya chakula na mashine za kukoboa mpunga zinaunguruma kila kona, ndo kwetu hapo. Mama yangu ni mtu wa mchele. Ananunua mpunga, anakoboa, anapeta, anauza kwa wanaopeleka Dar. Mimi na kaka yangu tumesomeshwa na ungo wa yule mama. Form four nilimaliza 2017, matokeo tuyaache, nikajifunza mwenyewe kwa simu mambo ya blogu mpaka nikafika hapa.

Mama aliugua saratani ya titi. Walimkata titi la kulia, wakatoa na tezi za kwapani, akamaliza dripu, akamaliza mionzi. Hospitali siitaji. Tulivyorudi nyumbani tukachinja mbuzi, watu wakala wali, tukajua yameisha.

Miezi kama minane baadaye pete ikaanza kumbana. Akaivua kwa sabuni. Kisha mkono wa gauni ukambana. Kisha ukawa mkono mzima, kuanzia kwenye vidole mpaka juu ya kiwiko, mzito, umekaza, ukibonyeza kinabaki kishimo. Siwezi kusema hospitali hawakutuambia. Labda walisema siku ya kuruhusiwa na sisi akili yote ilikuwa kwenye nauli. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyekumbuka.

Mtaani si unawajua. Wa kwanza akasema ni matende. Wa pili akasema saratani imerudi, imehamia mkononi. Wa tatu akasema katupiwa kitu na wenye wivu wa pale mashineni. Shangazi yangu mmoja akaleta mganga kabisa, anataka kumchanja chale mkononi "damu mbaya itoke". Mama akakataa, akasema amekatwa inatosha.

Lakini kilichomuuma kuliko vyote siyo maneno. Ni siku aliposhika ungo kupeta, mkono wa kulia ukagoma, mchele ukamwagika chini mbele ya wateja. Akacheka. Akaokota. Jioni nikamkuta jikoni anapika bila kuwasha taa. Sikuuliza.

Sasa turudi kwenye mambo yetu ya insta. Kuna mdada mmoja maarufu, simtaji, msianze kubahatisha huko chini. Alikuwa nje ya nchi, akaposti klipu amelala ndani ya kitu kama chupa kubwa ya kioo, anapunga mkono. Akaandika kwamba ni oksijeni, inatibu kila kitu, ngozi, uchovu, uvimbe, makovu. Neno "uvimbe" likanishika. Nikaiangalia ile klipu kama mara ishirini.

Nikampigia kaka. Kaka yuko maduarani, upande wa Kakola, anachimba dhahabu na wenzake. Nilivyosema tu oksijeni, akadakia. Akaniambia, "Mdogo wangu, huku chini ya duara hewa tunashushiwa na mashine kwa mpira. Mashine ikizimika dakika chache tu mtu anaanza kuona giza. Ikiwashwa, unarudi duniani. Hewa ndo uhai, usibishane nayo." Na mimi nilitaka mtu asinibishie, kwa hiyo tukaelewana haraka.

Nikaanza kutafuta. Ukishaandika neno moja kwenye simu, matangazo yanakufuata kama kunguru. Nikampata mtu kwenye jiji moja la huku kanda yetu, ukurasa wake umejaa picha za vyupa vile vya kioo vya Ulaya. Elfu sitini kwa kikao kimoja, ukilipia kumi kwa mpigo ni laki sita, unapewa na cheti. Kaka akatuma laki nne. Mimi na mama tukauza gunia mbili za mpunga zilizokuwa za kusubiri bei ipande.

Kufika, hakuna chupa ya kioo. Ni chumba cha juu ya duka la vipodozi, pazia, kiti cha kulala, na kimashine kinaunguruma kama friji bovu. Kimpira puani, dakika arobaini na tano, basi. Nikauliza lile chupa liko wapi. Kijana aliyevaa koti jeupe akasema ile ni teknolojia ya zamani, hii ndo mpya. Akamwekea mama kile kibanio cha kidole kinachosoma oksijeni. Kabla ya kuanza kikasoma 97. Baada ya kikao kikasoma 99. Akanionyesha kwa furaha: "Umeona imepanda?" Na mimi mjinga nikaona imepanda.

Siku ile ile akaniambia ameona nina ukurasa wenye watu elfu kumi na moja. Nikimposti, mama anaongezewa vikao viwili vya bure. Nikapiga picha. Nikaandika yale maneno. Sikuandika kwamba nimepewa kitu. Yaani mimi ninayewasema mastaa kwa matangazo ya dawa za kupunguza tumbo, bei yangu ilikuwa vikao viwili.

Kikao cha nne, usiku, mama akaanza kutetemeka. Mkono ukawa wa moto, mwekundu, unang'aa, hata shuka ikigusa analia. Nikampigia yule wa koti jeupe. Akasema tusiogope, ni sumu inatoka, tukaze moyo mpaka kikao cha kumi.

Namshukuru Mungu hatukukaza moyo. Tulimpeleka mama hospitali usiku ule ule. Daktari wa zamu alikuwa dada mdogo tu, labda ananizidi miaka mitatu. Akaangalia mkono, akapima joto, akasema ni bakteria wameingia kwenye ngozi, na mkono uliovimba hivi unashambuliwa kirahisi, ukichelewa wanaingia kwenye damu. Akaanzishiwa antibayotiki usiku huo. Nikajieleza mambo ya oksijeni. Hakunicheka. Akachukua karatasi akanichorea.

Niwaeleze na nyie alivyonieleza, maana sikuwahi kusikia. Mwilini ukiacha mishipa ya damu, kuna mishipa mingine miembamba inayokusanya majimaji yanayobaki kwenye nyama na kuyarudisha kwenye damu. Yale majimaji yanaitwa limfu. Njiani yanapita kwenye tezi, zile zile zinazovimba kwapani ukiwa na kidonda mkononi, sisi tunaziita mitoki. Saratani ya titi inapenda kukimbilia kwenye tezi za kwapani, kwa hiyo wanazitoa, na mionzi ikipita pale inaacha kovu gumu. Sisi wa mpunga tunaelewa haraka: ni kama jaruba ambalo tundu la kutolea maji limezibwa. Mvua inaendelea kunyesha, maji hayana pa kwenda, yanajaa.

Siyo uchawi. Siyo matende ya mbu, japo yanafanana kwa sababu hata yale yanaharibu mishipa hiyo hiyo. Na siyo lazima iwe saratani imerudi, ingawa mkono ukianza kuvimba ghafla lazima uchunguzwe wahakikishe. Wala mama siyo wa ajabu: kati ya wanawake watano waliotibiwa saratani ya titi, karibu mmoja linamkuta. Aliyesafishwa kwapa lote yuko kwenye hatari zaidi kuliko aliyetolewa tezi chache za kupima.

Nikamuuliza, sasa oksijeni je? Akasema, kile kibanio cha kidole kilikuwa kinawaambia ukweli mkashindwa kumsikiliza. 97 maana yake damu ya mama ilikuwa imeshashiba oksijeni kabla hata ya kulipa. Kumwongezea ni kama kumimina maji kwenye ndoo iliyojaa. Oksijeni ya puani inamsaidia ambaye damu yake imepungukiwa, siyo mtu aliyevimba mkono.

Lile chupa la kioo la yule mdada ni kitu kingine kabisa. Ile ni chemba ya presha. Unafungiwa ndani, hewa inashindiliwa mpaka presha inafika zaidi ya mara mbili ya hii ya kawaida, na wewe unavuta oksijeni tupu. Hapo ndo oksijeni inayeyuka mpaka kwenye yale maji ya damu kwa wingi ambao pua peke yake haiwezi. Ilianzia kwa wapiga mbizi wanaopanda juu haraka wakapata mapovu ya hewa kwenye damu. Hata kwetu, Zanzibar upande wa Matemwe kuna chemba kwa ajili ya wapiga mbizi. Inasaidia pia waliovuta moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa, baadhi ya vidonda vya kisukari, na baadhi ya majeraha yaliyosababishwa na mionzi. Kwa hiyo siyo utapeli yenyewe kama yenyewe.

Ila mimi kichwa changu kigumu. Niliporudi nikanunua bando, nikakesha natafuta, natafsiri kwa simu neno kwa neno. Nilikuwa natafuta sababu ya kusema hatukukosea, tulikosea chumba tu. Yaani kama kungekuwa na chupa la kweli, mama angepona.

Nikakuta Waingereza walishajiuliza swali langu zamani. Mwaka 2004 walitoa majibu ya kikundi kidogo, wagonjwa 21 waliovimba mkono baada ya mionzi, wakawaingiza kwenye chemba ya kweli. Wachache mkono ukapungua. Watu wakapata matumaini kama mimi. Lakini pale hapakuwa na kundi la kulinganisha, na mkono huu unapanda na kushuka wenyewe. Kwa hiyo wakarudia vizuri: wagonjwa 58, wengine wakaingia kwenye chemba mara 30 kwa wiki sita, wengine wakaendelea na matunzo ya kawaida bila chemba. Majibu yakatoka 2010. Hakuna tofauti. Mkono wa aliyeingia na wa asiyeingia, hali ni ile ile.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. 2010 mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Jibu lilikuwepo miaka yote hiyo, na mimi nimeuza mpunga wa mama kwenda kuliuliza upya kwa kijana wa juu ya duka la vipodozi.

Ili niwe mkweli, kuna utafiti wa Uholanzi uliotoka 2024, wa wanawake waliobaki na maumivu na ugumu wa titi au kifua baada ya mionzi. Walioingia kwenye chemba wakamaliza, walipata nafuu ya maumivu na ule ugumu. Lakini katika walioalikwa, karibu robo tu ndo walikubali na kumaliza, maana ni kazi ya kila siku kwa wiki nyingi. Na hayo ni maumivu na ugumu wa kifuani. Mkono uliovimba ni kesi nyingine. Oksijeni haioteshi tezi iliyokatwa.

Sasa kinachosaidia ni nini? Hapa ndo wengi mtaniacha, kwa sababu hakina klipu nzuri.

Yule daktari alituandikia twende kwa mtu wa mazoezi ya viungo. Tukampata baba mmoja mtu mzima, mpole, ana mikono mikubwa kama fundi seremala. Akasema maneno ambayo mama hakuyapenda: mkono hautarudi kama wa zamani, ila tunaweza kuutawala, na atakayeutawala siyo mimi, ni nyie nyumbani.

Kwanza ngozi. Kila siku kuosha, kukausha katikati ya vidole, kupaka mafuta. Kucha zisikatwe mpaka nyama. Glovu akifua au akilima. Mchubuko hata mdogo unasafishwa siku hiyo hiyo. Na chale ni mwiko kabisa, yaani shangazi angesikilizwa tungemfungulia bakteria mlango kwa wembe. Mkono ukiwa wa moto na homa juu, ni hospitali siku hiyo hiyo, siyo kesho.

Pili kuchua. Siyo kule kukandamiza kama unakanda unga. Ni kupapasa taratibu, ngozi tu ndo inasogea, kama unambembeleza mtoto mchanga. Unaanza shingoni na kwenye kwapa zima, ndo unashuka kwenye mkono mgonjwa, ili yale maji yapate njia ya pembeni.

Tatu bandeji. Siyo zile laini zinazovutika sana za mpira wa miguu. Kuna zinazovutika kidogo tu, unafunga tabaka kwa tabaka, vidoleni unakaza zaidi, ukipanda juu unalegeza. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi unafungua hapo hapo. Uvimbe ukishuka unahamia kwenye soksi ya mkono, inayopimwa kwa kipimo chake, siyo ya kuazimana.

Nne mazoezi. Na hapa palinishangaza. Sisi nyumbani tulimkataza mama kunyanyua hata kikombe. Kumbe Wamarekani walishawapima wanawake 141 wenye mikono ya hivi, wakachapisha 2009: walionyanyua vyuma kidogo kidogo mara mbili kwa wiki, kwa kusimamiwa na wamevaa soksi ya mkono, uvimbe wao haukuzidi, na kuzidiwa ghafla kulipungua. Mama akaanza na chupa ya maji ya nusu lita. Kisha ya lita moja na nusu.

Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Toka mama akatwe titi, sikuwahi kuangalia kifua chake. Nilipika, nilifua, nilishika mikoba hospitali, lakini akianza kuvua nguo nilikuwa natoka nje kama nimekumbuka kitu. Na yeye alikuwa anangoja nitoke. Sasa yule baba akasema kuchua kunapita kifuani kuelekea kwapa la pili, na mkono wa kushoto wa mama peke yake haufiki vizuri.

Siku ya kwanza nimekaa nyuma yake kitandani, mafuta ya nazi mkononi, natetemeka. Akaniambia, "Mwanangu, siyo kidonda hiki, ni kovu. Shika." Nikashika. Kama ngozi nyingine tu, ngumu kidogo. Tulikaa kimya, nje mashine za kukoboa zinaunguruma. Nilikuwa nimetafuta laki sita, nimepanda mabasi, nimemwita kaka kutoka chini ya ardhi, yote ili mtu mwingine amguse mama yangu badala yangu. Basi.

Tukanunua tepu ya fundi cherehani. Kila Jumapili asubuhi napima sehemu mbili, naandika kwenye daftari. Tulipoanza juu ya kiwiko ilikuwa sentimita 41, mkono mzima ni 31. Mwezi wa kwanza ikafika 39. Mwezi wa tatu 36. Kuna wiki ilipanda tena tukanyong'onyea, kumbe alikaa jua kali sokoni bila soksi. Leo tuko 35 na nusu. Siyo 31. Gauni la mkono mrefu linaingia, na pete bado iko kwenye kikopo. Juzi kapeta mchele, siyo gunia, ni sado mbili, anapumzika kati. Mteja mmoja akamwambia, "Mayu, umerudi!" Akasema nimerudi nusu, lipa nzima.

Sasa mnisikilize sehemu iliyonifanya niandike.

Katika wale walioniuliza bei inboksi, nilimjibu mama mmoja kutoka upande wa Isaka. Nikampa namba ya yule kijana. Nilisahau kabisa. Miezi mitano baadaye akanipigia, siyo kunilaumu, eti kunisalimia na kuniuliza kama mama yangu alimaliza vikao kumi, maana yeye amemaliza na haoni kitu. Nikamuuliza alipata wapi hela. Akasema aliuza ndama wawili, na nyingine ilikuwa nauli na matumizi ya kwenda kwenye mionzi. Mionzi alikuwa hajaenda. Aliona aanze na oksijeni kwanza, kwa sababu aliona kwenye ukurasa wangu mkono wa mtu unapungua.

Wadau, mimi nimeshatukanwa humu na mashabiki wa kila msanii. Hakuna tusi lililowahi kunikaa kama ule upole wa yule mama.

Nilimwambia ukweli wote kwenye simu. Nikamwomba msamaha. Nikamtumia nauli, kaka akaongezea. Alikwenda, wamempokea, ameanza. Kuchelewa kule kumemgharimu kiasi gani sijui, na sitaki kujifariji hapa kwamba hakujamgharimu. Kila wiki nampigia. Yule wa koti jeupe hela hakurudisha, namba imezimwa, na kile chumba sasa wanasuka rasta.

Kwa hiyo naomba vitu vichache. Kama una mama, shangazi, dada aliyetibiwa saratani ya titi, leo muulize mkono unajisikiaje. Mzito? Pete inabana? Mwahi mapema, ukiwa mdogo unatawalika kirahisi. Muulize daktari wake kuhusu mtu wa mazoezi ya viungo, hata kama hamkuelekezwa. Ambaye matibabu yenyewe hajamaliza, mionzi kwa nchi yetu ipo Ocean Road pale Dar, ipo Bugando Mwanza. Hiyo isisubiri kitu chochote cha kwenye simu. Na mtu akikuuzia tiba, muulize imepimwa kwa watu wangapi wenye tatizo kama lako, na wasiopewa walikuwaje. Akijibu kwa picha ya staa, shika nauli yako urudi nyumbani.

Na ukiona mimi nimeposti tiba yoyote tena, niulize humu humu mbele ya wote nimelipwa nini.

Mama anajua nimeandika. Nimemsomea yote jana usiku wakati namfunga bandeji. Alipoona nimemaliza akasema nimesahau kuandika kwamba mchele wake ni mzuri, hauna chenga. Haya, nimeandika.

Wenye ndugu waliopitia hili, tuandikieni hapo chini mlifanyaje. Wanaouza oksijeni, nitawafuta.